Ndama Chini ya Nyimbo za Kwaya

Mimi ni mstaafu ambaye bado naamkia watu wengi kuliko wanaoniamkia. Msicheke. Kazi niliyoifanya pale Maili Moja, Kibaha, imekwisha kabla yangu, na mtu ambaye kazi yake imekwisha ni mstaafu, awe na mvi au asiwe nazo. Nilikuwa nafufua vitu vilivyofutika kwenye memori kadi, flashi na simu. Leo simu nyingi mnazonunua hazina hata tundu la kadi. Picha zenu zinakwenda zenyewe kukaa kwenye kompyuta za watu msiowajua, katika nchi msizozijua, nanyi mnasema ziko kwenye wingu. Hakuna tena anayekuja kibandani na kikadi kidogo kama ukucha wa kidole gumba, amekifunga kwenye pindo la khanga, akisema, "Fundi, nijazie nyimbo."

Nawaandikia nyinyi, wadogo zangu, mnaosoma kompyuta sasa hivi na mnaofungua vibanda vyenu. Ombi langu ni moja: msiniamini. Kila nitakachosema hapa kinaweza kujaribiwa kwa kadi kuukuu na uvumilivu kidogo. Mkikuta nimekosea, niambieni kwa sauti. Mimi mwenyewe niliingia kwenye kazi hii kwa ubishi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya fizikia na flashi moja yenye barua zangu zote za kuomba kazi. Nikaingia kibanda fulani Maili Moja kuchapisha. Flashi ikachomekwa, barua hazipo, yamebaki majina ya ajabu ajabu tu. Mwenye kibanda aliitwa Dada Upendo. Wazazi wake walihamia Kibaha kutoka Kilimanjaro, na sauti yake ukiisikia stendi ulijua kibanda kimefunguliwa. Akabonyeza vitu viwili vitatu, barua zikarudi.

"Umezitoa wapi?" nikauliza.

"Zilikuwa humo humo. Virusi vilizificha."

"Vilizifichaje?"

"We dada, unataka barua zako au unataka mdahalo?"

"Vyote viwili."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Keti hapo. Nikimaliza foleni hii utaniambia huko chuo walikufundisha nini."

Niliketi, na nikaendelea kuketi kwa miaka. Kuanzia wiki ile akaanza kuniita Injinia, kwa kejeli, na kila nilipomkosoa alilirefusha lile jina: Injiniaaa.

Dada Upendo alikuwa na imani zake, nami nilizijaribu zote. Simu ikiingia maji alikuwa anaizika kwenye mchele. Nikachukua simu mbili mbovu za aina moja, nikaziloweka, moja nikaizika kwenye mchele wake na nyingine nikaiweka wazi mbele ya feni. Ya feni ilikauka kwanza. Ya mchele ilitoka na vumbi jeupe na punje ya mchele imekwama kwenye tundu la chaji. Nikashangilia. Yeye akasema, "Basi huo mchele ulikuwa umeshiba," akaendelea kuzika simu za watu.

Lakini alikuwa pia na hili: kadi isiposoma, sugua zile shaba zake kwa kifutio cha penseli. Hapo nilicheka hadi nikakaa chini. Kifutio! Nikamwambia hiyo ni ramli. Akanipa kadi iliyokataa kusoma kwenye kompyuta mbili, na kifutio. Nikasugua taratibu, nikaipangusa, nikaichomeka. Ikasoma. Shaba zile hushika utando mwembamba wa mafuta ya vidole na uchafu, umeme haupiti vizuri, na kifutio kinauondoa. Siku nzima nilimwamkia shikamoo.

Sasa tuingie ndani ya kadi yenyewe, maana hapa ndipo damu yangu huchemka mpaka leo.

Ndani ya kadi hakuna picha. Hakuna wimbo. Kuna vyumba vidogo mno, vingi kuliko unavyoweza kufikiria, na kila chumba kazi yake ni kufungia chaji ya umeme isitoroke. Chumba chenye chaji kinasomeka hivi, kisicho na chaji kinasomeka vile. Ndiyo au hapana, basi. Uso wa bibi yako, sauti ya mhubiri, barua ya kuomba kazi, vyote ni ndiyo na hapana zilizopangwa kwa mfuatano. Nilisoma hayo darasani nikayajibu kwenye mtihani, lakini sikuyaona mpaka niliposhika kadi mkononi pale Maili Moja na kufikiri: harusi nzima ya mtu iko humu, na haina uzito wowote!

Chaji hiyo hubaki hata simu ikizimwa. Hii ndiyo tofauti ya hifadhi na RAM, jambo ambalo wateja walinichanganyia kila siku. RAM ni kaunta ya duka. Unaweka juu yake unachokishughulikia sasa hivi, na umeme ukikatika kaunta inafagiwa yote. Kadi, flashi na hifadhi ya ndani ya simu ni shelfu: umeme ukatike, urudi, vitu viko pale pale. Simu ikiwa nzito kwa sababu kaunta ni finyu, kununua kadi kubwa hakusaidii kitu. Umeongeza shelfu.

Na kufuta? Fikiria nyumba ya kupanga kule Pangani, Pangani yetu ya Kibaha, si ile ya Tanga. Mwenye nyumba anatangaza kwamba chumba cha tatu kiko wazi. Amemfuta mpangaji kichwani mwake. Lakini mpangaji bado yumo chumbani na godoro lake, amelala. Ataondoka siku mpangaji mpya atakapoingia na kitanda. Ndivyo kadi inavyofuta. Inaacha picha ilipo na kutangaza kwamba pale pako wazi. Picha inakufa siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake.

Nilipolijua hilo kwa majaribio, si kwa kusoma, nilikuwa nimejaza kadi kuukuu kwa picha za sahani ya vitumbua vya jirani yetu. Nikaifomati. Kadi ikasema iko tupu. Nikaipitisha kwenye programu ya kutafuta mabaki, na vitumbua vikaanza kurudi, kimoja baada ya kingine, na mafuta yake yanang'aa! Nilipiga kelele mpaka mama wa vitumbua mwenyewe akaja mbio na kijiko cha kugeuzia.

"Kuna nini? Tumeshinda mechi?"

"Mama, vitumbua vyako havifutiki!"

"Hilo nalijua," akasema, akarudi jikoni kwake.

Kibanda chetu kiliishi kwa kujaza nyimbo. Foleni ilikuwa ndefu mwisho wa wiki, na Dada Upendo alikuwa na utaratibu wake. Mteja anatoa kadi. Dada Upendo anauliza, "Kuna kitu humu?" Mteja anajibu, "Hamna kitu." Dada Upendo anafomati kwanza, kwa sababu kadi za mtaani zilijaa virusi na asingeruhusu viingie kwenye kompyuta yake. Halafu nyimbo zinamiminwa. Anayefuata!

Mimi nilikuwa siupendi utaratibu ule. "Dada, fungua kwanza uangalie."

"Nikifungua kila kadi, Injinia, foleni itafika Kongowe. Nimemuuliza, amesema hamna."

Alikuwa na hoja, lakini nilishagundua kitu kuhusu hilo jibu. Mtu wetu wa Kibaha wakati ule aliigawa simu yake hivi kichwani: kadi ni ya nyimbo, simu ni ya picha. Kadi anaitoa na kuiazima, simu haazimi. Kwa hiyo anapokwambia "hamna kitu" hakudanganyi. Picha anaziona ndani ya simu, kwa hiyo ziko ndani ya simu. Hajui kwamba simu yake, kwa kuwa hifadhi yake ya ndani ilikuwa ndogo kama kibeti, ilianza kuzihamishia picha kwenye kadi kimya kimya tangu siku kadi ilipoingia.

Hapo ndipo anapoingia Mama Tumaini.

Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Pangani, mama mnene, mpole, mwenye magoti mabovu. Alikuja asubuhi moja akasimama mbele ya kaunta bila kupanga foleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyimbo zenu nzuri, ila zimekula picha zangu."

Akaeleza akiwa amesimama vile vile. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Akabaki mtoto wake, mtamba ambaye hajazaa bado, aliyezaliwa palepale bandani, anaitwa Shukrani. Shukrani sasa alikuwa na mimba kubwa, karibu kuzaa, na maziwa yake ndiyo yangekuwa chakula cha nyumba ile. Jumapili moja Mama Tumaini alirudi kanisani akakuta banda liko wazi. Alitafuta mpaka Janga, akiuliza kwa kila mwenye mifugo, hakupata. Baadaye shemeji yake, anayenunua mihogo vijiji vya Kisarawe, akampigia: mtamba kama Shukrani yuko kwa mzee mmoja huko, Mzee Kondo.

Alikwenda. Mzee Kondo akasema amemnunua mnadani, hamjui Shukrani wala shangazi yake Shukrani. Mwenyekiti wa kijiji akasema ng'ombe wa kahawia wako wengi, lete ushahidi Jumatatu ijayo, usipoleta mzee ataendelea na ng'ombe wake.

"Nikamwambia ninazo picha tangu anazaliwa," akasema Mama Tumaini. "Nafungua simu nimuonyeshe, hamna hata moja."

Dada Upendo alishaikumbuka kadi ile. Sauti yake ikashuka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Mama, si nilikuuliza kama kuna kitu humu?"

"Uliniuliza kadi, mwanangu. Picha zilikuwa kwenye simu."



Sikilizeni sasa, hii ni sehemu ya kazi. Swali la kwanza la kumuuliza aliyepoteza picha ni hili: umepiga nyingine tangu hapo? Kila picha mpya ni mpangaji mpya anayeingia na kitanda. Nimewaona watu wanaopoteza picha kisha wanapiga ishirini za kujaribu kama kamera ni nzima. Wanazika wenyewe.

"Sijapiga hata moja," akasema. "Nilikuwa nafungulia nyimbo tu, jioni nikimpa majani. Huyo mtamba anapenda kwaya kuliko wanakwaya wenyewe."

Kusikiliza wimbo hakuandiki kitu juu ya kingine. Nikaitoa kadi pale pale. Jambo la pili: usiifanyie kazi kadi yenyewe. Tengeneza nakala yake nzima kwenye kompyuta, chumba kwa chumba, vilivyo wazi na visivyo wazi, kisha hangaika na nakala. Ukiharibu, umeharibu nakala. Na kile unachokifufua usikirudishe kwenye kadi ile ile. Jamani, nimemwona fundi akifufua picha na kuzihifadhi juu ya picha zilizokuwa zinasubiri kufufuliwa!

Nakala ilipokamilika nikaanza kutafuta. Zikaja picha za sendoff ya mtu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Zikaja picha za sufuria la pilau kutoka kila upande. Zikaja picha nyingi za kidole cha Mama Tumaini mwenyewe, maana alikuwa anaziba kamera. Dada Upendo alikuwa amekaa nyuma yangu na kufunga dirisha la biashara, na kila picha ilipotokea alisema, "Ng'ombe? Ng'ombe?" kama anaita.

Ng'ombe alikuja wa mwisho kabisa. Picha moja tu. Nikaifungua, tukaona paa la banda, pembe za ng'ombe mkubwa, na mkono wa mtu umeshika ndoo. Kuanzia hapo kwenda chini, kijivu kitupu, kama mtu amemwaga saruji. Na ndama aliyezaliwa huwa wapi? Chini.

"Hapana!" akasema Dada Upendo. "Hapana, hapana, hapana."

Nilijua kilichotokea, au tuseme nilikisia vizuri. Simu huandika kwenye kadi ikielekea mwisho, na ikifika mwisho inarudi mwanzoni kutafuta penye nafasi. Siku Shukrani anazaliwa, kadi ilikuwa imefika mwisho wake. Nusu ya juu ya picha ikakaa mwishoni, nusu ya chini ikarudishwa mwanzoni, na picha zote zilizofuata zikaenda huko huko. Dada Upendo alipofomati na kumimina nyimbo, nyimbo zilianzia mwanzoni. Ndama alikuwa chini ya kwaya.

Nikabaki natazama orodha ya mafaili. Kitu kikanikera. Kwenye orodha, kila faili linaonyesha kipicha chake kidogo, kama muhuri. Na kipicha cha faili lile kilikuwa kizima. Kulikuwa na kitu cha kahawia pale chini.

"Kwa nini kidogo ni kizima na kikubwa ni nusu?" nikauliza.

"Kwa sababu kompyuta imechoka. Mimi pia nimechoka."

"Hapana, dada. Kompyuta hii haijawahi kuiona picha hii nzima. Haiwezi kuchora kisichokuwepo. Imekitoa wapi?"

Niliruka kutoka kwenye kiti. Kamera inapohifadhi picha, hutengeneza na nakala ndogo sana ya picha hiyo hiyo, ili orodha ifunguke haraka, na huiweka kwenye kichwa cha faili, kabla ya picha yenyewe! Kichwa kilikuwa mwisho wa kadi, ambako nyimbo hazikufika. Nikakitoa kile kipicha, nikakiweka peke yake katikati ya kioo. Ndama wa kahawia, amesimama kwa miguu iliyopinda, baka jeupe tumboni, na mguu mmoja wa nyuma, wa kushoto, mweupe kuanzia kwato kwenda juu, kama soksi.

Mama Tumaini alipoonyeshwa alisema tu, "Shukrani," kama anamwita aje ale.

Hapo tukagombana, mimi na Dada Upendo. Kipicha kilikuwa kidogo kama stempu na ukikikuza kinavunjika miraba miraba. Yeye akataka kipelekwe kwa kijana wa studio akisafishe, hiyo soksi iwe nyeupe sawasawa. Nikakataa. "Akiongeza hata nukta moja, haitakuwa picha tena. Itakuwa mchoro."

"Injinia, mama anapoteza ng'ombe!"

"Na Mzee Kondo je? Kama kweli huyo si Shukrani?"

Hakunisemesha mpaka Jumatatu. Lakini Jumatatu alifunga kibanda na kuja nasi Kisarawe.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza, na nyuma yake mtamba amefungwa kwenye mkorosho kwa kamba ndefu, anacheua. Wa kahawia, baka jeupe tumboni. Soksi moja nyeupe, mguu wa nyuma wa kushoto. Mzee Kondo alikuwa mtu mkavu, mrefu, amevaa kanzu safi kama ya Ijumaa, na hakuwa na sura ya mwizi hata kidogo. Hilo lilinisumbua.

"Mimi nimenunua mnadani mchana kweupe," akasema. "Picha za siku ile nilikuwa nazo. Simu ikaingia maji, zikafa nayo. Haya, nyinyi leteni zenu."

Nikaweka laptopu mezani, nikakikuza kipicha. Mwenyekiti akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Huyu ni ng'ombe au mkeka?"

Mzee Kondo akacheka. Kweli ilikuwa miraba mitupu. Nikakumbuka kitu. "Mwenyekiti, rudi nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma tu. Usisogee karibu, kadiri unavyosogea ndivyo unavyoona miraba. Rudini wote."

Wakarudi nyuma hatua kwa hatua, mwenyekiti, Mzee Kondo, Dada Upendo, Mama Tumaini na magoti yake, mpaka wakatoka mlangoni wote na kusimama uani. Na pale uani nikasikia mwenyekiti anasema, "Lahaula. Ni ndama."

Waliona baka. Waliona soksi. Dada Upendo akaanza kupiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu. Unathibitisha kwamba huyu ndiye yule?"

Kila mtu akanitazama. Tarehe ndani ya picha haikuwa na msaada, saa ya simu ya Mama Tumaini haikuwahi kurekebishwa. Kwa mujibu wa simu ile, Shukrani alizaliwa kabla mama hajahamia Kibaha. Na baka na soksi nyeupe? Ndama wangapi wana alama hizo?

"Nathibitisha kwamba picha hii imetoka kwenye kadi ya mama na haikuguswa," nikasema. "Kwamba ndama huyu ndiye mtamba yule, picha peke yake haitoshi."

"Injiniaaa!" Dada Upendo alinishika mkono kwa nguvu. "Wewe umekuja na nani?"

Mzee Kondo akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. Mama Tumaini akakaa kwenye jiwe akisugua magoti, na hilo lilinichoma kuliko kelele za Dada Upendo. Nikawaza: kadi imesema yote iliyoweza. Nani mwingine anakumbuka? Na hapo hapo nikapata jibu, likanipanda mwili mzima mpaka nikaanza kucheka.

"Mama, zile nyimbo bado unazo?"

"Ninazo. Si ndizo zilizobaki."

"Ingia ofisini, ukae mahali mtamba hawezi kukuona wala kukusikia. Mwenyekiti, kwanza tupigie wimbo wako wowote, kwa simu yako."

Mwenyekiti akafungulia singeli, akaisogeza karibu na mkorosho. Mtamba akaendelea kucheua. Mzee Kondo akajaribu taarabu. Mtamba akapiga mkia, akafukuza nzi, basi. Nikachukua simu ya Mama Tumaini, lakini sikuishika mimi. Nilimpa Mzee Kondo mwenyewe aishike, asimame mbali mwisho wa kamba, asiite, asipige mluzi. Akabonyeza kwaya.

Kinanda kikaanza. Mtamba akaacha kucheua. Masikio yote mawili yakageuka. Waimbaji walipoingia alikuwa ameshaanza kutembea, na tumbo lake kubwa linayumba, moja kwa moja kwa Mzee Kondo, akasukuma pua kwenye mkono ulioshika simu, kisha kwenye mfuko wa kanzu, akitafuta majani.

"Rudia," nikasema. "Singeli kwanza, halafu—"

"Injinia, inatosha!"

Tulirudia. Ikawa vile vile. Singeli, hakuna kitu. Kwaya, huyo anakuja. Mzee Kondo alibaki amesimama, kanzu yake ina ute wa ng'ombe mpaka kifuani.

"Tangu nimemleta hapa," akasema polepole, "hajawahi kunisogelea." Akaifungua kamba kwenye mkorosho mwenyewe, akaipeleka ofisini, akamkabidhi Mama Tumaini. "Mchukue mwanao, mama. Mimi nimeuziwa mali ya wizi, na aliyeniuzia hata sura yake naanza kuisahau."

Mama Tumaini alimshukuru mara nyingi hadi mzee akaona haya. Dada Upendo aliniachia mkono, akanipiga kidogo mgongoni, na kwa Dada Upendo hiyo ni hotuba.

Tulikuwa tunafunga laptopu Mzee Kondo aliporudi na kisimu chake. "Hizo nyimbo," akasema, "niwekeeni na mimi. Nina mbuzi."

Akaichomoa kadi. Aliihamisha kutoka kwenye ile simu iliyoingia maji, alisema, kwa sababu hakuona haja ya kununua nyingine. Dada Upendo akaipokea, akaichomeka, na mdomo wake ukajiendea wenyewe kama kila siku ya maisha yake.

"Kuna kitu humu?"

"Hamna kitu."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kikabaki hewani. Akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakufomati. Alifungua.

Zikatokea picha. Wajukuu wamevaa nguo za Idi. Korosho zimeanikwa kwenye turubai. Halafu mnada: vumbi, fimbo, ng'ombe wengi, na katikati Mzee Kondo anatabasamu ameshika kamba ya mtamba mwenye soksi moja nyeupe, na kando yake mwanaume mwenye kofia nyekundu ameshika ncha nyingine ya kamba ile, uso mzima, mkubwa, umetazama kamera.

Mwenyekiti akasogea mbio. Safari hii hakuhitaji kurudi nyuma.

"Hamna kitu," akasema Dada Upendo taratibu, akamgeuzia Mzee Kondo kioo.